Sufuria ya Dani

Divine, binti wa Mama Furaha, ndiye aliyeniletea kazi hii ya kuandika. Ilikuwa Jumamosi, pale uwanja wa saruji nyuma ya kanisa, Joubert Park, hapa Johannesburg, namfunga plasta kwenye kifundo cha mguu na wenzake wamepanga foleni wakisukumana. Akaniuliza kwa Kiingereza, maana nyinyi vijana mliozaliwa hapa Kiswahili mnakisikia vizuri sana lakini mnakijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Akasema, Mzee, siku moja wakiniita timu ya taifa, nichezee Kongo ya mama au nichezee hapa nilipozaliwa? Nikamwambia vidole juu, usisogee. Nilimaliza mguu wa kwanza, nikamaliza wa pili. Nikamwambia nitakuandikia.

Sasa mnanijua. Mdomo wangu ukianza safari ya Pretoria unafika Durban. Shule niliiacha Kigoma nikiwa mtoto, nikaenda kupakua mizigo bandarini, na kuandika nimejifunzia ukubwani. Kwa hiyo mkiona nimepotea njia, msinipigie kelele, kaeni kwenye gari, tutafika. Mama zenu watawasomea palipo pagumu.

Mimi nilikuwa mtu wa jezi na plasta. Ndiyo kazi iliyonilea Johannesburg hii mpaka nikastaafu. Kabla ya hapo niliuza vitenge na mikanda pale Marshalltown, kwenye njia ya miguu chini ya maghorofa ya ofisi, nikiwakimbia askari wa jiji na bidhaa zangu kwenye shuka. Siku moja mvua ya mawe ikanikuta, nikakimbilia mlango wa kwanza uliokuwa wazi, nikajikuta kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu. Vijana warefu wanapiga mpira chini, du, du, du, na mzee mmoja wa Kisotho anapiga deki pembeni. Huyo ni Ntate Moloi, na Ntate kwa Kisotho ni kama kusema Baba. Aliniangalia nilivyolowa, akanipa ufagio wa deki, akasema kama utasimama hapo unadondosha maji, basi uyafute. Sikutoka tena.

Niwaambie na vituko vyangu kidogo, maana mnaniona leo mnadhani nilizaliwa na plasta mkononi. Wiki yangu ya kwanza Ntate Moloi alikwenda kwenye msiba kwao, akaniachia ukumbi. Nikataka nimfurahishe. Kule nilikopanga chumba, mama mwenye nyumba alikuwa anapaka baraza lake rangi nyekundu ya kung'arisha sakafu, ile ya kopo, mpaka unajiona uso. Nikaona hii ndiyo dawa. Nikaupaka ukumbi mzima. Uling'aa jamani. Timu ikaingia kufanya mazoezi, ikaanza kuteleza kama kuku kwenye barafu, na kila aliyeanguka aliinuka na jezi nyeupe yenye makalio mekundu.  Kocha alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Ntate Moloi aliporudi alinipa kisu na ndoo ya maji ya moto, nikakwangua kwa magoti mpaka nikaijua kila mbao ya sakafu ile. Kwa hiyo nyinyi mnaopokezana deki pale ukumbini siku za mvua: maji ya uvuguvugu, siki kidogo, na deki iliyokamuliwa mpaka inalia. Basi. Kinachong'aa sana kinaangusha watu.

Na plasta. Ya kwanza nilimfunga mchezaji mmoja wa Kizulu bila kumnyoa mguu. Wakati wa kuibandua alinitajia babu zangu wote, hata wale nisiowajua. Nyoa kwanza, au weka ile sponji nyembamba. Mguu ukae kama umekanyaga chini, vidole vinatazama juu. Kisha vipande vinavyopita chini ya kisigino, na hivi vivute kutoka ndani kwenda nje, daima, kwa sababu mguu ukiteguka unyayo hupinduka kutazama ndani, na plasta ndiyo inayotakiwa kuuzuia. Ukimaliza, mwambie mchezaji mwenyewe aingize kidole chake kidogo kati ya plasta na ngozi, kule juu. Kikiingia kwa kubanana, sawa. Kikikataa kuingia, fungua uanze upya hata kama refa ameshapuliza filimbi. Hiyo ya kidole ni ya Ntate Moloi, sikuwahi kuiona kwa mtu mwingine. Alikuwa anasema kifundo ukikikaza kupita kiasi hakiumii chenyewe, kinapeleka maumivu kwenye goti. Niliwahi kuyaona magoti hayo. Mabaya.

Haya, Dani.

Dani alikuja timu yetu kutoka Amerika. Mrefu, lakini siyo wale wa kugonga kichwa mlangoni, mpana wa mabega, uso wa Kiasia, nywele nyeusi zimesimama kama brashi. Wa kwanza kumwona alikuwa Mwangi, Mkenya wetu aliyekuwa anafanya kazi benki kule Sandton na kuja mazoezini na tai shingoni. Mwangi akaniambia kwa Kiswahili, "Mzee, wametuletea Mchina."

Yule kijana hakuelewa maneno lakini neno hilo alilijua kwa lugha zote. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu aliyelirudia sana: baba yake ni Mmarekani, mama yake ni Mfilipino wa mji wa Iloilo, yeye amezaliwa California, na Uchina hajawahi kufika.

Mwangi akamwomba radhi. Kisha akamwuliza kama Ufilipino wanacheza kikapu. Dani akacheka. Akatuambia kule mpira wa kikapu ni kama mpira wa miguu kwenu, ringi zinapigiliwa kwenye minazi, kwenye nguzo za umeme, mbele ya makanisa, na watu wanacheza na kandambili. Mimi nikampenda hapohapo kwa sababu ya kandambili.

Kifundo chake cha kushoto kilikuwa kibovu tangu chuo. Kwa hiyo alikaa kwenye meza yangu kuliko mchezaji mwingine yeyote, na meza ya plasta ni kama kiti cha kinyozi, mtu akikaa ataongea tu. Kiingereza changu cha barabarani mnakijua. Lakini mtu akitaka kusikilizwa hachagui sana masikio. Alijifunza kuniita Mdala, kama Wazulu wanavyowaita wazee, akajifunza eish ya kushangaa, akajifunza kusema sharp, yaani sawa, huku amenyanyua kidole gumba. Alinieleza habari za bibi yake kule Iloilo, mama wa mama yake, ambaye humwita kwenye simu kwa video akashika simu karibu mno, ikaonekana pua tu. Bibi haongei Kiingereza. Dani haongei lugha ya bibi. Wanatazamana na pua, wanacheka, wanaagana.

Nikamwuliza, sasa mnaongea nini?

Akasema, "Hatuongei, Mdala. Ananiuliza kama nimekula. Hilo neno nalijua."

Sasa sikilizeni palipokaza. Mwaka ule timu yetu ilikuwa inakwenda fainali kwa mara ya kwanza tangu niifahamu. Na kapteni wetu alikuwa Trésor. Ndiyo, huyohuyo kocha wenu Trésor anayewapigia kelele kila Jumamosi. Mnamjua na kitambi, mimi namjua bila kitambi. Mtu wa Lubumbashi, mkono wa kushoto, magoti yamekwisha, na kila mtu alijua ule ni msimu wake wa mwisho. Hakuwahi kushika kombe. Alikuwa amekwisha kuchagua hata pa kuliweka, juu ya friji, alituambia, na mke wake Mama Grâce alikuwa amekwisha kukataa.

Na njia ya Trésor kwenda kwenye kombe ilipita kwa Dani. Bila Dani chini ya ringi tulikuwa timu ya watu wafupi wenye moyo mzuri.

Wiki chache kabla ya fainali, Dani akakaa mezani kwangu, akanyoosha mguu, akanyamaza. Nikajua kuna jambo, maana Dani akikaa huanza na chakula alichokula jana. Nikamaliza sponji, nikaanza plasta, ndipo akasema wamemwita. Timu ya taifa ya Ufilipino. Kambi ya mazoezi, Manila. Na siku za kambi ziliangukia juu ya fainali yetu, sawasawa kama kifuniko juu ya chungu.

Nikasema, hongera.

Akasema subiri. Na akanieleza sheria yao, ambayo niliielewa pole pole, na nyinyi mwielewe kwa sababu inaweza kuwafika. Yeye pasipoti ya Ufilipino aliichukua akiwa mtu mzima, siyo utotoni. Kwa hiyo, pamoja na mama na bibi na kila kitu, kwenye mpira anahesabiwa kama mgeni aliyepewa uraia. Na timu inaruhusiwa mgeni wa namna hiyo mmoja tu. Kambini atakuwapo mwingine, mkubwa kuliko yeye, mwenye jina. Atakayebaki ni mmoja. Yaani Dani angeweza kusafiri mpaka kule, akalowa jasho, akaambiwa asante, rudi ulikotoka.

Na kurudi ulikotoka ndiyo ilikuwa taabu. Mwenye timu yetu, mtu wa malori, sisi tulimwita Mkubwa, hakuwa mtu mbaya. Alimwita Dani akamwambia wazi: ukibaki, nakupa mkataba mrefu na nyumba Sandton karibu na kituo cha treni ya kasi. Ukiondoka kabla ya fainali, nafasi yako nampa mwingine, siwezi kuiacha wazi. Hiyo ni haki yake. Hata nyumba ya kupanga ukiiacha inaingia mtu.

Siku kadhaa Dani alikuja mezani na kubadilika kama robot, zile taa za barabarani, pale Bree Street, mara kijani, mara nyekundu, na ya njano hukai nayo. Leo anakwenda, kesho anabaki na mabega yameshuka. Mimi sikumshauri. Ningemshauri nini? Mimi mwenyewe Kigoma nilitoka nikisema narudi baada ya mavuno.

Kisha Alhamisi moja alikuja na uso umetulia. Akasema, "Mdala, nimeamua. Nabaki. Siwezi kumwacha Trésor bila kombe. Na kule sijui hata kama wananitaka. Jumamosi nitawaambia wote."

Nikasema sawa. Nikafunga mguu wake. Alipoingiza kidole kidogo, hakikuingia. Nilikuwa nimekaza, mimi, ambaye mkono huu haukuwa unakosea tena miaka mingi. Nikafungua nikaanza upya.

Hapa lazima nisimame niwaeleze jambo la ukumbi ule, bila hilo hamtaelewa kilichotokea.

Timu yetu ilikuwa ya watu wa njiani. Wakongo, Wanigeria, Wazimbabwe, Mkenya wa benki, vijana wa Soweto, mimi wa Kigoma. Watu walikuja wakaondoka. Na Ntate Moloi, kabla ya wakati wangu, alianzisha desturi: anayeondoka hapeani mikono tu mlangoni kama mpangaji. Anapika. Anapika chakula cha kwao, mwenyewe, kwa mikono yake, analeta sufuria ukumbini baada ya mazoezi ya Jumamosi, watu wanakula wamekaa sakafuni, kapteni anasema maneno, basi, umeagwa. Ndiyo maana watu wa timu ile tunajua ladha za Afrika nzima. Mnigeria mmoja alituaga na wali wa nyanya uliotutoa machozi kwa pilipili, tukasingizia huzuni. Kijana mmoja wa Burundi aliondoka bila kupika, na mpaka leo tukimtaja tunasema "yule asiyepika."

Hakuna aliyemweleza Dani desturi hii. Kwa nini umweleze mtu habari za kuagana wakati anafika? Na tangu afike yeye, alikuwa hajaondoka mtu.

Jumamosi ikafika. Mazoezi yakaisha. Mimi niko pembeni nahesabu soksi, maana soksi za timu huwa zinatoroka moja moja, sijui zinakwenda wapi. Mlango ukafunguliwa, Dani anaingia na sufuria kubwa ameikumbatia kwa taulo, na begani mfuko wa wali.

 Mpira uliokuwa unadunda mtu aliushika.

Mwangi akaninong'oneza, "Mzee. Ameleta sufuria."

Nikasema, "Naiona."

"Kwa hivyo ni kweli. Niliona kwenye simu, jina lake liko kwa wale walioitwa. Sikutaka kumuuliza. Nilisema akiwa tayari atapika."

Ndipo nikafahamu kwamba wote walijua. Siku zote zile walijua, na hakuna aliyemgusa, walikuwa wanamsubiri mwenye sufuria aje na sufuria yake. Nikafungua mdomo nimwambie Mwangi kwamba sivyo, kwamba huyu amekuja kusema anabaki. Lakini Trésor alikuwa amekwisha kutandika magazeti sakafuni, na sahani zimekwisha kutoka.

Ilikuwa kuku. Kuku wa siki na soya, na kitunguu saumu kingi, na majani fulani makavu. Dani alisimama anawagawia wenzake, anatabasamu, anasubiri watulie aseme neno lake. Lakini kwetu anayepika hasemi kwanza. Wanakula wote, ndipo kapteni anasema.

Trésor akala. Akaniinamia akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Papa, hii kuku inanuka siki, lakini iko muzuri. Ila bukari iko wapi? Mutu anaaga bila bukari?" Bukari ndiyo ugali wa kwao.

Kisha akafuta mikono, akasimama. Magoti yakalia, kra. Akasema kwa Kiingereza chake cha Lubumbashi, nami nawapa kwa Kiswahili.

Akasema, "Ndugu yetu Dani. Sisi tunajua wamekuita. Tulikuwa tunangoja utuambie, na leo umetuambia kwa kuku. Mimi sitasema uongo, nimekasirika. Nilikuwa nataka lile kombe. Mke wangu mwishowe alikuwa amekubali juu ya friji."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Lakini niwaambie jambo ambalo sijawaambia. Nikiwa na umri kama wa Dani, na mimi waliniita. Kongo. Timu ya taifa. Kocha alinipigia mwenyewe, nikadhani ni rafiki zangu wananichezea. Mimi hapa nilikuwa na karatasi ya ukimbizi. Na karatasi ile inasema, ukirudi kwenu, hata kwa wiki moja, hata kucheza mpira, maana yake kwenu hakuna hatari tena, hutaingia hapa. Na Mama Grâce alikuwa na mimba. Nikamwambia kocha nimeumia goti. Goti lilikuwa zima kabisa. Sikuchagua, mnaelewa? Watu wananiambia, Trésor, ulichagua familia. Hapana. Mlango ulikuwa na kufuli. Wewe Dani, mlango wako uko wazi pande mbili, na umepita. Mimi nimefurahi. Nenda ukavae jezi ya kwao mama yako. Wakikuacha, wakuache ukiwa umefika."

Akakaa. Watu wakapiga mikono sakafuni, ndivyo tulivyokuwa tunafanya, siyo makofi, viganja kwenye mbao, ukumbi ukanguruma.

Dani alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Masikio yamekuwa mekundu. Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia soksi.

Akasema, "Jamani, sikuja kuaga. Nimepika kwa sababu kwetu ukiwa na habari njema unapika. Nimekuja kuwaambia kwamba nabaki. Nacheza fainali."

 Mikono ikasimama juu ya sahani.

Trésor alimtazama. Mimi niliyemjua miaka yote hiyo niliona kitu kikipita usoni mwake, na mnaweza kukikisia: kombe lilikuwa limerudi. Lilikuwa pale, alikuwa na haki ya kunyoosha mkono tu. Neno moja, "Asante," angemaliza.

Kisha akatazama sahani yake. Mifupa mitupu.

Akasema, "Umechelewa. Tumeshakula."

Mwangi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka tai ikamwingia kwenye mchuzi. "Ungetaka kubaki ungeleta keki, bwana. Sufuria haina rivasi." Na wengine wakadaka, kila mmoja na lake, huyu anasema kuku amefika tumboni hawezi kurudishwa, yule anasema yeye ameongeza mara mbili kwa hiyo Dani aende mara mbili. Walikuwa wanamtania, lakini hakuna hata mmoja aliyemwambia basi baki. Nawaambia nyinyi mnaoniuliza timu ni nini. Wale watu walikuwa wanatupa fainali yao huku wanalamba vidole.

Dani aliketi chini palepale, akafunika uso kwa ile taulo ya sufuria. Trésor akaenda akakaa naye, wakazungumza, mimi sikusikiliza. Baadaye alinijia mezani bila mguu wa kufunga. Akasema, "Mdala, kule nikishindwa, na hapa nafasi imekwenda, nitakuwa sina kitu."

Nikamwambia, "Utakuwa na bibi. Kule ni karibu naye kuliko hapa, utamwona yeye, siyo pua tu."

Hilo nalo sikulipanga, lilitoka.

Sasa sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nyinyi si watoto. Dani alikwenda. Fainali tulicheza bila yeye, tukafungwa, siyo vibaya, lakini kufungwa ni kufungwa. Trésor alivua viatu, akaviacha chini ya benchi, sikumwona siku kadhaa, na nilipomwona tena alikuwa amebeba mpira mmoja na kuniuliza kama nina pampu, anataka kuwafundisha watoto wa Joubert Park. Hao ni nyinyi.

Na Dani kule kambini waliacha jina lake. Yule mwingine mwenye jina ndiye aliyechukuliwa. Hapa nafasi yake imekwisha kupewa mtu wa Angola, kijana mzuri, sina neno naye. Kwa hiyo kile alichokiogopa kilimfika chote, kwa mpangilio uleule alionitajia. Nilipopata habari niliacha kula. Nikampigia, nikitafuta maneno njiani. Akapokea kwa video, na nyuma yake kuna sufuria inafuka, na mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe anamsukuma pembeni achungulie. Siyo pua, mwanamke mzima. Akaniuliza kitu. Dani akatafsiri: "Anauliza kama umekula."

Alikuwa amepata timu ndogo kule mkoani, anakaa kwa bibi, anajifunza lugha. Aliniambia mguu unamsumbua kwa sababu mtu wa plasta wa pale anavuta kutoka nje kwenda ndani. Nikamwambia mpe simu huyo mtu. Tukazungumza, mimi na yeye, hakuna lugha hata moja tunayojuana, nikamwonyesha kwenye mguu wangu mwenyewe, kisigino, ndani, nje, mpaka akasema sharp. Dani alikuwa amemfundisha.

Msimu uliofuata yule mwenye jina aliumia. Wakamwita Dani tena.

Tuliitazama mechi kwenye simu ya Trésor, tumeiegemeza kwenye chupa ya maji hapohapo uwanjani, mchana kweupe, maana kule kwao jioni kwetu ni mchana. Wengine wenu mlikuwapo, mlikuwa wadogo, mlikuwa mnadai kuona katuni. Dani alikaa benchi muda mrefu sana. Alipoinuka, Mwangi, aliyetoroka kazini, akashika kichwa. Dani alikosa mpira wa adhabu wa kwanza. Mwingine aliotupa ukagonga ringi, akaudaka mwenyewe akisukuma kwa viwiko, kama alivyokuwa akifanya kwetu. Hakuwa nyota. Alikuwa ndani.

Halafu mpira ukasimama, mtu anafunga kamba za viatu, na picha ikamvuta Dani karibu. Alikuwa ameinama. Akaingiza kidole kidogo kati ya plasta na ngozi, kule juu. Kikaingia. Akasimama.

Trésor akanipiga bega. "Papa, ile ni yako."

Nikamwambia ni ya Ntate Moloi.

Kwa hiyo Divine, jibu lako. Kongo au hapa, mimi sijui, na anayekuambia anajua anataka kitu kwako. Mama yako sasa ana vitambulisho vizuri, mlango wako hauna kufuli lile la Trésor, na hilo peke yake linanifanya nilale vizuri. Lakini siku utakapoamua, usitutumie ujumbe kwenye simu. Njoo Jumamosi, baada ya mazoezi, na sufuria. Trésor atataka bukari. Fanya kubwa.